Nilifunga kwa Sababu ya Gego

Mungu anisamehe, niliomba Gladwell apate mafua. Sikumwombea ugonjwa mkubwa. Niliomba tu sauti imkauke Jumapili moja, ile ya Mavuno, halafu Jumatatu arudishiwe. Niliomba nikiwa nimepiga magoti jikoni kando ya sufuria ya uji, na nilipomaliza nikasema amina kwa nguvu, kama mtu aliyekuwa akiwaombea wajane.

Darasa letu la watu wazima hukutana saa kumi na moja jioni katika shule ya msingi iliyo karibu na Kanyakine, majani ya chai yakishapimwa. Tunatumia chumba cha darasa la tatu. Madawati ni ya watoto, kwa hiyo tunakaa upande upande, magoti nje. Nilianza nikiwa na miaka thelathini na sita, siwezi hata kuandika jina langu, Igoki. Nilipokuwa msichana niliachwa nyumbani kubeba wadogo zangu, wao wakaenda shule, na nilipopata nafasi nilikuwa nimeshaolewa na Kobia na kuzaa watoto watatu, Mbae akiwa wa kwanza. Kusoma kulinijia polepole sana. Nilikata kipande cha karatasi ngumu kutoka pakiti ya unga, nikawa nakiweka chini ya kila mstari ili macho yasipotee. Bila kile kikadi, maneno yalikuwa yanatawanyika kama kuku.

Gladwell alijiunga nasi mwaka jana. Ni jirani yangu, shamba lao linapakana na letu kwa ua wa miti. Aliolewa hapa kutoka Runyenjes, upande wa Embu, na huko kwao alikuwa amefika darasa la nne kabla ya baba yake kumtoa. Mwalimu Stephen alimweka kwenye dawati langu akasema, "Igoki, wewe ni mwenyeji. Msaidie."

Nilimsaidia wiki mbili. Wiki ya tatu akawa ananisaidia yeye. Alisoma bila kidole, bila kikadi, huku ameinua kichwa kidogo kama msomaji wa habari. Watu waliacha kuandika ili wamsikilize. Mimi nilikuwa natazama shingo yake, mishipa ikipanda na kushuka, na ndani yangu kitu kikawa kinasukuma.

Mwezi wa saba mchungaji alitangaza kwamba somo la Jumapili ya Mavuno litasomwa na mtu wa darasa la jioni. Haijawahi kutokea. Wasomaji kanisani kwetu ni walimu, makarani, wake za wazee wa kanisa. Mwalimu Stephen alisimama mbele yetu akiwa na chaki mkononi.

"Atasoma Igoki," alisema. "Ndiye wa kwanza kuingia darasa hili. Na ikitokea ameshindwa, Gladwell atashika nafasi yake."

Watu walipiga makofi. Gladwell alinikumbatia. Lakini nilichosikia mimi ni lile neno la mwisho tu. Ikitokea ameshindwa. Tangu jioni hiyo nikawa naishi na mtu anayesubiri nishindwe, tena tunatumia dawati moja.

Aya kumi na mbili. Nilizisoma asubuhi kabla ya kukamua, nilizisoma mchana nikiwa nimekaa juu ya kikapu cha majani ya chai. Kobia alizisikia mpaka akawa anazisema akinyoa ndevu.

"Mama Mbae, hata ng'ombe sasa anaweza kusoma hilo somo," aliniambia.

"Muulize kama anaweza kusoma kuliko Gladwell," nikamjibu.

Basi wiki moja kabla ya Mavuno, gego likaanza.

Niseme ukweli, halikuanza siku hiyo. Nyuma kabisa ya taya la chini, upande wa kushoto, kulikuwa na jino lililokuwa limetokeza ncha tu, nusu nje, nusu limefunikwa na nyama ya ufizi. Lilikuwa hivyo miaka mingi. Chakula kiliingia hapo kikakaa, hasa ngozi za maharagwe na nyuzi za nyama, na mswaki haukufika. Nilikuwa nachokoa kwa kijiti. Mara mbili au tatu kwa mwaka ufizi ulivimba, nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikabana karafuu, likanyamaza. Siku za karibuni lilikuwa pia linatoa ladha mbaya, kama sarafu iliyolala kwenye maji, nami nikawa nageuza uso nikiongea na watu karibu.

Safari hii halikunyamaza. Jumatatu shavu lilijaa. Jumanne sikio likauma. Jumatano asubuhi niliamka nikataka kupiga mwayo, taya likakataa. Nilijaribu kuingiza kijiko mdomoni kikaingia upande upande, kwa kukisukuma.

Kobia aliniangalia akasema, "Twende hospitali leo."

"Baada ya Jumapili."

"Na Jumapili utasoma na nini? Na pua?"

"Baba Mbae, nikienda hospitali leo watanikata. Nikikatwa sitasoma. Nisiposoma unajua nani atasoma."

Alichukua jembe lake akaenda. Alinijua.

Jumatano ni siku ya maombi ya akina mama. Tulikutana kwa mwenyekiti wetu, Angeline, na kwake hakuna anayetoka bila kula. Alileta mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja na mboga, kwenye sinia kubwa, wa moto, wa kijani, na kipande cha nyama juu ya kila sahani. Nilikuwa nimejifunga leso kichwani nikaishusha mpaka chini ya shavu, nikisema nasikia baridi. Sahani yangu ilikuja. Nikaiangalia. Ningejaribu kula pale, wote wangeona mdomo haufunguki, na kabla ya jua kutua habari ingemfikia mwalimu Stephen.

"Mama Mbae, kula, chakula kinapoa," Angeline alisema.

Nikasema, meno yakiwa yamebanana, "Nimefunga."

 Angeline akaweka mwiko chini.

"Umefunga kwa ajili ya Neno la Jumapili?"

Sikusema ndiyo. Niliinamisha kichwa tu. Lakini kwetu mtu akiulizwa habari ya kufunga kwake akainamisha kichwa, hilo ni jibu, tena ndilo jibu la wale wanyenyekevu.

"Bwana asifiwe!" Angeline alisema, mikono juu. "Mnaona? Sisi wengine tunakula mukimo, na mwenzetu ambaye jana tu alikuwa hajui herufi amejinyima. Ndiyo maana hata sauti yake imekuwa ndogo. Mnaona hata uso ulivyobadilika?"

Wanawake waliniangalia shavu langu lililovimba kwa heshima. Mmoja alifuta machozi. Nami, Mungu ndiye shahidi, nilisikia utamu. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana hakuna aliyekuwa anamtazama Gladwell.

Ndipo Gladwell akasukuma sahani yake.

"Mama Mbae hawezi kufunga peke yake," alisema. "Nitafunga naye. Maji tu, mpaka Jumapili baada ya ibada."

Makofi. Nyimbo. Angeline akaja akatushika mikono sisi wawili, akatuombea pamoja, na mkono wa Gladwell ulikuwa baridi na mkavu ndani ya mkono wangu. Nilikuwa nachemka. Hata njaa ambayo sikuwa nayo, alikuwa amekuja kuninyang'anya.

Kuanzia hapo niliishi kama mwizi. Alfajiri nilikunywa uji mwepesi jikoni, nikiuvuta kwa upande wa kulia, mlango umefungwa. Mchana maziwa. Kisha nilitoka kwenda kuchuma chai nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtu wa maombi, na Gladwell alikuwa upande wa pili wa ua, anachuma na kuimba. Alikuwa anafunga kweli. Alhamisi jioni darasani midomo yake ilikuwa imepasuka, lakini uso uling'aa, na mwalimu Stephen alituambia tusimame.

"Hawa wawili ni mfano," alisema. "Hasa Gladwell, ambaye hata si zamu yake kusoma."

Hasa Gladwell! Nilimeza maneno hayo pamoja na ule uchafu uliokuwa unatoka kwenye gego. Ilikuwa jioni hiyo hiyo, nilipofika nyumbani, ndipo nikapiga magoti kando ya sufuria na kuomba yale mafua. Nilimwambia Mungu wazi, kama mimi sitasoma, basi na yeye asisome.

Ijumaa, yapata saa sita mchana, tulikuwa kwenye kituo cha kupimia chai. Mstari ulikuwa mrefu, jua kali. Gladwell alikuwa watu wanne mbele yangu. Karani alipoita jina lake, aliinama kunyanyua gunia lake na hakuinuka. Alikwenda chini taratibu, kwanza magoti, halafu bega, halafu majani yakamwagika juu yake.

Watu wakakimbia. Mtu akasema ni jua. Mtu mwingine akasema, "Huyu ana vidonda vya tumbo! Mama mkwe wake alituambia, daktari alimkataza kukaa na njaa."

Nilisimama pale na kikapu mgongoni. Nilikuwa nimeomba sauti tu. Mafua. Sasa nilimwona amelala chini na macho nusu wazi, nikajua ombi langu halikuwa dogo kama nilivyolipima.

Walimpeleka nyumbani kwao, nikamfuata. Nilipita kwangu nikachukua ile sufuria ya uji, nikavuka ua. Alikuwa amelazwa kitandani, amekunjika, mkono juu ya tumbo. Niliwaomba waliokuwepo watoke kidogo. Walidhani nataka kuomba naye, wakatoka kwa heshima.

"Mama Tabby, kunywa," nilisema.

"Hapana." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Tumebakisha siku mbili. Wewe unaweza, na mimi nitaweza."

"Mimi sijafunga."

Hakuelewa. Nikamimina uji kwenye kikombe, nikanywa mbele yake, kwa upande wa kulia, ukanichirizika kwenye kidevu kwa sababu mdomo haukufunguka vya kutosha. Kisha nikavua leso. Nilimwonyesha shavu. Nilimwambia yote. Jino, kijiko, mukimo, mlango wa jikoni. Kuhusu mafua nilitaka kunyamaza, lakini nikaona nikiacha hilo moja nitakuwa nimesema uongo mwingine. Nikamwambia na hilo.

Gladwell alijiinua kwa kiwiko.

"Nimelala siku mbili na tumbo linanikata," alisema, "nafunga kwa ajili ya jino?"

"Ndiyo."

"Jino lako?"

"Ndiyo, Mama Tabby."

Alishika kile kikombe akanywa. Alikunywa chote bila kupumua, akanyoosha mkono aongezewe. Nilimimina. Kikombe cha pili akakishika tu, akatazama ukuta.

"Mimi ndiye ninayesoma vizuri," alisema. "Unajua?"

"Najua."

"Siku mwalimu alipotaja jina lako nilikukumbatia ili usione uso wangu. Kila usiku nilikuwa najisomea aya zako. Nimezijua zote. Nilipoona umefunga nikajiambia, huyu Mungu anampenda, ndiyo sababu amechaguliwa, na mimi nimejaa wivu. Nilifunga ili wivu unitoke."

"Umetoka?"

"Njaa ndiyo imetoka," alisema, akaanza kucheka, akajishika tumbo kwa maumivu. Nami nikacheka, na taya likaniuma mpaka machozi yakatoka, na wale waliokuwa nje walipotuchungulia walituona wote wawili tunalia, wakarudisha mlango polepole.

Alipopumzika akaniambia, "Fungua mdomo nione."

"Haufunguki."

"Basi kesho twende hospitali ya Nkubu. Na usiniambie habari ya Jumapili, nitakuzaba hilo shavu."

Jumamosi asubuhi tukaenda, yeye akiwa na chupa ya uji kwenye kikapu, anakunywa kidogo kidogo. Daktari wa meno alikuwa msichana mdogo kuliko nilivyotegemea, Daktari Kathure. Aliniambia niweke vidole vitatu, kimoja juu ya kingine, katikati ya meno ya juu na ya chini. Mtu mzima huingiza vitatu. Mimi kiliingia kimoja, na kilibanwa.

Alinipiga picha ya taya, akaiweka kwenye kioo chenye mwanga, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Meno yangu yalikuwa yamesimama kwenye mstari kama watoto wa shule. Mwishoni kulikuwa na moja limelala kifudifudi, kichwa kimeegemea jino la mbele yake.

"Hili huitwa jino la hekima," alisema. "Huchelewa kuja. Kwa wengine hukuta nafasi imekwisha, basi linalala na kusukuma. Haliwezi kutoka, haliwezi kurudi. Hapa katikati chakula kinaingia, hakuna mswaki unaofika, na wadudu wa meno wanafanya kazi yao mchana na usiku. Unaona hiki kivuli cheusi?"

Nilikiona.

"Limeoza. Lakini si hilo linalonisumbua, hilo litang'olewa tu. Tazama jirani yake." Alisogeza kalamu. Kwenye ubavu wa jino lililosimama wima, pale pale lilipoegemewa, kulikuwa na doa jeusi. "Hili lilikuwa jino zima. Limeozeshwa kwa kuegemewa. Ungekuja mapema lisingeguswa."

Nilimtazama Gladwell. Alikuwa anafunika chupa yake ya uji na hakuwa anasikiliza.  Kuna maneno ambayo Mungu humwambia mtu mmoja hata kama wako wawili chumbani.

"Leo siwezi kulikata, lina usaha," daktari aliendelea. Alisafisha chini ya ule ufizi, na maumivu yake siyasimulii. Alinipa vidonge vya siku saba, akaniambia nisukutue kwa maji moto ya chumvi kila baada ya kula, nisilale na chakula mdomoni, nirudi uvimbe ukishuka. "Jirani nitajaribu kumziba. Siahidi. Na taya lipumzike. Usiimbe, usipige kelele kwa siku kadhaa."

"Hata kusoma?" niliuliza.

"Kusoma kwa macho soma."

Tulipotoka nje nilitoa kwenye mfuko lile somo, nililokuwa nimelinakili kwa mkono wangu, herufi kubwa, aya kumi na mbili. Nilikuwa nimelikunja mara nyingi mpaka kwenye mikunjo limechakaa. Nikampa Gladwell.

"Soma wewe," nilisema. Nimekatwa kitovu, nimezaa watoto watatu bila sindano, na mchana ule nilichokonolewa ufizi wenye usaha. Yale maneno mawili yaliuma kuliko yote.

Hakubisha. Aliikunja ile karatasi akaiweka kifuani. Ningependa angebisha kidogo.

Jioni ile nilikwenda kwa Angeline, nikamweleza habari ya kufunga kwangu. Akasema, "Na mimi nilisema uso umebadilika!" kisha akaomba, akamwomba Mungu atupe akina mama wenye kusema wanaumwa. Asubuhi yake akawaambia wengine. Wengine walicheka. Wengine mpaka leo hawajacheka.

Jumapili kanisa lilijaa ndizi, viazi vikuu, magunia ya mahindi, kuku wawili waliofungwa miguu. Gladwell alikwenda mbele akiwa amevaa gauni lake la bluu. Nilikaa kiti cha tatu na leso yangu shavuni. Alianza. Sauti ilitoka nzuri, safi, mpaka ile aya ya tano. Nitasema uongo nikisema wivu ulikuwa umeniacha. Ulikuwa umekaa nami pale pale, tunatumia kiti kimoja.

Kwenye aya ya sita akanyamaza. Nilidhani ni madaha. Halafu nikaona mkono wake umeshika ukingo wa meza ya Neno, na macho yake yanazunguka juu ya karatasi. Nguvu hazikuwa zimemrudia. Alikuwa amepotea mstari. Maneno yalikuwa yanamtawanyikia.

Watu walikohoa. Mwalimu Stephen aliinua shingo. Nilijua hasa alipokuwa, neno la kwanza na la pili, na yanayofuata mpaka mwisho. Na kwa muda wa pumzi moja nilikaa kimya na ule utamu wa Jumatano ukanirudia mdomoni, nao ulikuwa na ladha ile ile ya sarafu iliyolala kwenye maji.

Nikasimama. Nikaenda mbele, viatu vikisikika kanisa zima. Nilitoa mfukoni kile kikadi changu cha pakiti ya unga, kilichonitia aibu miaka mitatu, nikakiweka chini ya mstari, palepale alipoachia.

Gladwell aliteremsha macho, akauona mstari, akasoma. Alipoumaliza nikakishusha. Akasoma unaofuata. Tulikwenda hivyo mpaka aya ya kumi na mbili, yeye kwa sauti na mimi kwa kikadi, na sikufungua mdomo.

Gego lilitolewa baada ya wiki mbili, vipande vitatu. Jirani amezibwa, daktari anasema tungoje mwaka tuone kama atasimama. Sasa vidole vitatu vinaingia. Darasani tunakaa dawati lile lile, na Gladwell bado ananipita kusoma. Juzi aliniomba kikadi. Nilimwambia akate chake, pakiti za unga zipo kila nyumba. Kisha nikampa.